Siku Tatu za Bibi Wanda

Duluth, Minnesota
19 Julai

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui tena unapopanda ngazi. Mimi sijambo. Huku ziwani asubuhi bado ni baridi, navaa sweta ingawa ni Julai.

Uliniuliza kwenye simu tunafanya nini hasa. Tuko wanafunzi watatu wa sheria, katika ofisi inayowatetea bure wasio na uwezo wa kuweka wakili. Msimamizi wetu, Wakili Lorna, alituambia siku ya kwanza tusahau kesi za kwenye televisheni. "Hii ni mahakama ya jimbo," alisema. "Mtu anaingia saa tatu ana mtoto, saa tatu na robo hana. Kwa hiyo karatasi zenu zisomeni mara mbili."

Mteja wangu wa kwanza ni Bibi Wanda, mwenye miaka sabini na moja, mpishi mstaafu wa shule. Amemlea mjukuu wake Callie tangu akiwa na miezi minne. Sasa shangazi wa mtoto, aliyeko Texas, anamtaka, na wote wawili waliomba ulezi mahakamani. Siku ya kesi Bibi Wanda hakuonekana. Lorna aliomba muda, jaji akampa dakika kumi, kisha akaamuru Callie apelekwe kwa shangazi kabla ya mwezi kwisha.

Tulimkuta ghorofa ya tatu, peke yake kwenye benchi, amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa hapo tangu saa mbili. Kesi ilikuwa ghorofa ya pili. Alipoelewa, alijishika kichwa. "Nimeanza kuzeeka vibaya, wanangu," alisema. "Akili imeniisha." Lorna alimfariji. Mimi nikamletea maji.

Mama, nimezunguka vya kutosha. Akili yake haikuwa na tatizo lolote. Mimi ndiye niliyemwandikia ghorofa ya tatu kwenye karatasi ya maelekezo ya kesi, kwa mkono wangu. Nilijua palepale nilipomwona kwenye benchi, na nikanyamaza siku tatu.

Siku ya nne nilimwambia Lorna. Hakunifokea, aliniuliza tu kama najua kuandika hati ya kiapo. Jana nikasimama mbele ya jaji, nikakiri. Aliniuliza kwa nini nilingoja. Nikasema niliogopa. Alifuta amri yake, na kesi itasikilizwa upya Jumanne. Callie bado yuko kwa bibi yake.

Nilidhani Bibi Wanda atanikumbatia. Pale kwenye korido aliniambia, "Kukosea ghorofa si neno, binti. Lakini siku tatu hizo sikuthubutu kuwasha jiko. Mama yangu alikufa hanijui, nikasema basi, na mimi zamu yangu imefika. Nilikaa nikimwandikia Callie majina ya watu wa kuwapigia simu."

Bibi Wanda ameomba faili lake lishikwe na mwenzangu, na Lorna amekubali. Jumanne nitakuwa nimekaa viti vya nyuma.

Mpe baba salamu zangu, na umshike mkono kwa niaba yangu. Shangazi Berit akikuuliza habari zangu huko nyumbani, tafadhali usimwambie kwamba nimeshinda kesi.

Binti yako akupendaye,
Signe