Atomu Mbili na Mkono wa Anko Kiprugut

Alhamisi, 7 Agosti

Kompyuta ya maabara bado inapiga hesabu. Atomu mbili za chuma juu ya madini ya risasi, yaliyopoa mpaka umeme unapita bila kizuizi chochote. Humo ndani elektroni hutembea mbili mbili. Sasa atomu ya chuma ni sumaku — zikipita karibu nayo, inazitenganisha. Swali langu: hizo atomu mbili zinasikiana?

Dkt. Nderitu, supervisor wangu, hataki kuona equation hata moja mpaka nieleze kwa maneno ya kawaida. Nijaribu na watu wa nyumbani kwanza, amesema.

Sawa! Mama ameshaniombea nafasi kanisani kwetu Olenguruone.

Jumapili, 10 Agosti

Balaa!

Nilitaka watu waone kwa macho. Nikamsimamisha Zeddy, yule wa gitaa, katikati ya kanisa — atomu. Nikaita wanandoa wapite wameshikana mikono. Anti Joyline, mdogo wake Mama, akamvuta mumewe, Anko Kiprugut. Vigelegele! Anko ni shemasi. Mkono hushika wa kusalimia tu.

Nikawaambia: mkifika kwa Zeddy, achaneni. Mkimpita, shikaneni tena.

"Achaneni." Nilisema hivyo. Kwa maikrofoni. Mbele ya pasta.

Wakaachana vizuri sana. Anko akampita Zeddy, akanyoosha mkono, akangoja. Anti akapitiliza mpaka mlangoni. Akatoka. Watu wakapiga makofi — walidhani ni fizikia! Hata mimi nilipiga kidogo.

Mama haniongeleshi. Pasta ameuliza, kwa upole, kama chuo kinajua ninachosoma.

Jumatatu, 11 Agosti

Anti amefika kwangu hapa Nakuru. Na begi! Nikaanza kuomba msamaha, akanikata.

"Wacha, Jero. Nilipomwachilia ndio nilijua ni mimi peke yangu nilikuwa nimeshika. Mkono wake ulikuwa umelegea tu, kama soksi."

Nikaweka chai.

Baadaye akauliza kuhusu zile atomu. Nikamwambia huenda zinasikiana kupitia hayo madini, bila hata kugusana.

"Huyo wangu hasikii hata nikimwita kwa chakula."

Jumanne, 12 Agosti

Zinasikiana! Kwa umbali fulani sumaku zao zinaangalia pande tofauti. Nikisogeza moja kidogo tu, zote zinaangalia upande mmoja. Dkt. Nderitu ameruka kutoka kwa kiti.

Nikakimbia nyumbani kumwambia Anti. Nani yuko nje ya geti? Anko Kiprugut. Suti ya kanisa, jogoo kwapani. Hajabisha — ati hajui aanzie wapi. Akaniuliza pole pole kama ile kitu ya Zeddy inaweza kurudiwa.

"Saa hii nitakaza," akasema.

Nimeingia ndani. Anti anakata mboga ya sukuma. Ameshamwona kwa dirisha. Nikachukua funguo.

"Usifungue," akasema. Kisu kikaendelea. Halafu, bila kuinua macho: "Lakini mwambie asiende."