Aliyelishwa na Asiyemzaa

Munuki, Juba

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Mgongo unaendeleaje na baridi ya asubuhi? Nafula anakusaidia kubeba sufuria ya uji hadi kibandani, au bado unaibeba mwenyewe? Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku ni kali, na hata sasa napanda boda boda nikiwa nimefumba macho, lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mama, najua ulisikia.

Siku ile ulipopiga simu ya video, umevaa aproni yako ya buluu na mwiko mkononi, uliniuliza kama kawaida yako, "Umekula?" Tulikuwa ofisini, saa ya chakula. Atieno, mhasibu wetu kutoka Kisumu, akachungulia begani kwangu: "Huyo ni nani?" Tangu nianze ukarani katika shule hii, nimewaacha waamini kwamba natoka kwa watu wakubwa. Nikaogopa. Nikasema, "Ni mama aliyekuwa akitufanyia kazi nyumbani." Tena nilisema nikitabasamu. Uso wako haukubadilika. Ulisema tu, "Haya, endelea na kazi," kisha nikaona mabati ya kibanda, halafu giza. Tangu hapo nikipiga anapokea Nafula, na kila mara ananiambia umeenda kisimani.

Ijumaa iliyopita mambo yalinigeukia. Shule inaandaa sherehe ya wanafunzi wake wa zamani, na bango la langoni limeandikwa "Alumni". Mwalimu mkuu anajua nilisoma Kilatini seminari, akaniagiza niwaeleze wafanyakazi asili ya neno hilo. Nilisimama kwa majivuno, sikufichi. Nikawaambia linatokana na kitenzi alere, yaani kulisha na kulea. Kabla halijawa la wanafunzi, Warumi walimwita hivyo mtoto aliyelishwa na kukuzwa na mtu asiyemzaa. Shule zililichukua baadaye, kana kwamba zimewanyonyesha wanafunzi wao.

Hapo nikaacha kueleza. Nilikumbuka jinsi nyanya yetu Kukhu anavyosimulia kwamba ulinipa titi moja na Nafula jingine, dada yako akiwa hata hajazikwa.

"Karani, umemeza kamusi?" Atieno akanitania, wakacheka wote.

Nikasema, "Yule mama wa kwenye simu hakuwa mfanyakazi wetu. Ni mama yangu. Alinilea baada ya dada yake kunizaa na kufa. Niliwadanganya."

Lado, dereva wetu aliyekulia kambini Uganda, ndiye aliyenihurumia. "Malesh, pole ndugu yangu. Mimi iko na mama tatu. Moja alizaa mimi, mbili walipikia mimi. Yote ni mama, na yote ilipiga mimi fimbo!"

Wakacheka tena, isipokuwa Atieno. "Ulimkana akisikia?" aliniuliza. "Basi kutuambia sisi hakutoshi."

Ni kweli, Mama. Nimejaribu kujiambia kwamba ulikuwa woga tu. Lakini wewe ulibaki mjane na watoto wawili wa kunyonya, nawe uliogopa pia, na hukumtupia mtu woga wako. Mimi nilikutupia wewe. Nilijua maana ya neno la Warumi, na nilipoulizwa jina lako nikalimeza. Naona aibu hata kuandika.

Sikuombi unisamehe upesi. Naomba jambo moja. Barua hii inaletwa na dereva wa lori anayerudi Bungoma. Ukiisha kusomewa, nipigie kwa video saa saba mchana, ukiwa hapo hapo kibandani. Usivue aproni, na mwiko uwe mkononi. Nitaiweka simu katikati ya meza, mbele ya Atieno na Lado na mwalimu mkuu, sauti ikiwa juu. Huna haja ya kusema mengi. Niulize tu kama nimekula.

Nisalimie Kukhu, na umwambie nimekumbuka simulizi yake. Msalimie Nafula, dada yangu wa titi la pili, asichoke kupokea simu zangu. Na jirani yetu fundi viatu, anayekunywa uji wako wa kwanza kila asubuhi, mwambie namwonea wivu.

Sitakula mchana mpaka simu ilie.

Mwanao,
Barasa