Kamyoneti Iliyonuka Ndagala

Uvira, kwa mjomba

Mama yangu,

Kabla sijasema habari yoyote ya huku, nataka kujua goti lako. Je, sasa unashuka kisimani bila fimbo? Na baba, kile kikohozi cha baridi kimemwacha? Najua anayekusomea ni mdogo wangu Furaha, na ninamwomba asiruke maneno, hata yale atakayoona hayana maana. Mimi ni mzima. Ninakula vizuri hapa kwa kaka yako, mpaka gauni la shule limenibana mabegani.

Wale wafanyabiashara wa ng'ombe walinifikishia maneno ya baba: kwamba shule imekwisha, masista wamenipa cheti, basi nirudi Rurambo na gari la kwanza litakalopanda mlima. Sikujibu kwa sababu sikujua niseme nini. Sasa najua, lakini lazima kwanza nikueleze habari za hilo gari la kwanza, maana tumelitengeneza mimi na mjomba.

Unaikumbuka kamyoneti yake ya bluu, ile aliyoinunua kwa Mzungu wa pamba aliyeondoka baada ya uhuru. Sisi wote tulidhani waasi waliichukua. Kumbe mjomba alikuwa ameifungua kipande kwa kipande na kuvigawa kwa majirani, maana siku zile kila mwenye bunduki, wa upande huu na wa upande ule, alikuwa anatafuta gari. Wakiingia uani wanaona mzee amekalia kiti, kuku wamefungiwa mlango, mama anaanika samaki kwenye bati. Hakuna aliyeona gari.

Vita vilipotulia, mjomba akanipa mimi kazi ya kukusanya vile vipande. Mama, unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa ninajificha nyuma ya zizi wageni wakija. Nyumba ya kwanza nilisimama nje bila kubisha hodi mpaka mbwa wao akanizoea akalala.

Mlango wa upande wa kulia ulikuwa kwa mzee Kashindi, fundi wa mitumbwi, kwenye banda la kuku. "Kuchukua utachukua," aliniambia. "Lakini kuku zangu zilale wapi? Weye utazikumbatia?" Mwishoni akakubali, kwa sharti kwamba siku gari likitembea, yeye atakaa karibu na mlango wake. Wengine waliposikia, kila mmoja akaweka sharti lilelile.

Kapo, lile bati linalofunika motere, lilikuwa kwa mama Sifa anayeuza ndagala. Alikuwa akizianika juu yake, na yale matundu ya pembeni alikuwa ameyaziba kwa lami ya mitumbwi ili samaki wadogo wasidondoke. Mjomba alipoliona alifurahi. "Mama huyu ametusaidia," akasema, "mvua haitaingia tena." Akapaka rangi mpya ya bluu juu ya lami, kapo likapendeza kuliko zamani.

Motere ya zamani hakuirudisha. Unajua ilivyokuwa dhaifu. Ikibeba mchele, abiria walishuka kusukuma. Alipata motere kubwa ya lori la pamba lililoachwa karibu na Sange. Ilitubidi kukata vyuma, kusogeza rejeta mbele na kuongeza springi nyuma ili isikae chini kama bata. Mimi nilisugua vali mpaka zikang'aa. Mjomba anasema mikono yangu inafika pale ambapo yake haifiki, na kwamba ninasikia motere ikikohoa kabla yake. Mama, sijawahi kupenda kazi hivi. Asubuhi ninaamka kabla hajaniita.

Lakini alinieleza wazi: "Likipanda mlima na mzigo, tutakuwa na kazi ya kushusha mihogo na maziwa mpaka soko la Sange, na nitakuhitaji. Likishindwa, nitauza vyuma, na weye utamsikiliza baba yako." Kwa hiyo siku ya kulijaribu sikuweza kunywa hata chai.

Tulikuwa tumepanga kupakia mifuko ya mchanga. Hatukuweka hata mmoja, kwa sababu wote waliotunza vipande walikuja wamevaa nguo za Jumapili. Mzee Kashindi akaingia mbele, akashika kitasa chake. Mama Sifa akapanda nyuma na kikapu. Mimi nilikaa kwenye ukingo nikishika kabari, lile gogo la kuweka nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani.

Kwenye bonde la Ruzizi kamyoneti ilikimbia kama haijawahi kufa. Watu wa Sange walitoka kutuangalia. Tulipoanza kupanda, ikapanda vizuri, na mjomba akawa anaimba. Halafu nikasikia sauti ya motere ikibadilika, ikawa nzito, na harufu ikaanza kuja.

"Nani anakaanga ndagala?" mtu mmoja akauliza. "Alete tule."

"Si minye," akasema mama Sifa, "zangu ziko kwa kikapu."

Mara mvuke ukatoka mbele, gari likasimama. Niliruka nikaweka kabari. Mjomba alizunguka gari lake, akapapasa pampu ya maji, akafuta mikono. "Nimeliharibu mwenyewe," akasema. "Ningeliachia motere yake. Shukeni wote, tugeuze."

"Minye sishuke," akajibu mzee Kashindi. "Huu mulango ni wangu."

Mimi nilikuwa ninatazama kapo. Pembeni, chini ya rangi mpya, matone meusi yalikuwa yanateremka polepole, na ile harufu ilitoka hapo hapo. Nikaelewa. Motere kubwa ina joto kubwa, na mahali pa joto kutokea tulikuwa tumepafunga kwa lami iliyojaa mafuta ya ndagala. Nikamwambia mjomba, lakini nilisema kwa ile sauti yangu, akanipita.

"Weye mutoto, sema kwa nguvu," mzee Kashindi akaniita kutoka ndani. "Hapa si kanisani."

Basi nikasema kwa nguvu, mbele ya watu wote: "Mjomba, usigeuze. Gari halina pa kupumulia. Tumeziba matundu."

Mama Sifa ndiye aliyejibu kwanza: "Sasa ulitaka ndagala zangu zianguke?" Mjomba akakaa chini barabarani akacheka mpaka akafuta machozi. Lami ilikuwa imelainika kwa joto, hivyo tuliichokoa kwa bisibisi na vijiti, kila mmoja akitaka tundu lake. Tukangoja motere ipoe, tukaongeza maji ya kijito, na mjomba akawasha.

Mama, ilipanda. Ilipanda na watu wote, hakuna aliyeshuka, mpaka pale barabara inapoishia, mnapofungia ng'ombe mnaposhuka sokoni. Niliona mlima wetu na moshi wa jikoni. Mjomba akaniuliza: "Unataka kupanda kwa miguu, ulale kwa mama yako?" Nilitaka sana. Lakini niliogopa nikifika baba atasema kaa, na mimi nitanyamaza kama siku zote. Ndiyo sababu ninaandika.

Ninataka kubaki kwenye kazi hii. Nimelisema.

Siku ya soko ijayo tutakuja tena mpaka pale. Mwambie baba ashuke, hata kama amekasirika. Mzee Kashindi amekubali kumwazima nafasi yake ya mbele, jambo ambalo hajamfanyia mtu mwingine. Apande gari mpaka Sange, arudi, na nitamwambia mwenyewe haya niliyokuandikia. Sanduku langu la nguo litakuwa ndani ya gari. Akisema nirudi, nitalichukua nipande naye. Ila asiniulize kwa sauti ya chini, maana motere inanguruma, na mimi nitamjibu ili asikie.

Nisalimie bibi mzaa baba, na shangazi wa maziwa, umwambie vibuyu vyake vitapata usafiri. Msalimie pia katekista aliyenifundisha kusoma. Furaha naye ameletewa ndagala za mama Sifa, zimo ndani ya karatasi iliyofunga barua hii. Asizimalize kabla hujaonja.

Mimi, binti yako mwenye mafuta kwenye kucha,
Mapendo