Gia Mbili Ukutani Kisaju

Papa,

Nainamisha kichwa kukusalimu, kama mtoto anavyomwinamia mzee, hata kama hakuna mkono wa kunigusa utosini.

Hapa nyumbani Kisaju hakuna anayetaja jina lako. Tangu tukuzike, Mama ameshika mila ya kwao: aliyelala haitwi tena kwa jina. Tukikuongelea tunasema "yule mzee," utafikiri ni mpangaji aliyehama. Ile picha kubwa ya mazishi aliifunga na leso akaisukuma chini ya kitanda, ukuta wa sebuleni ukabaki mtupu. Kila jioni anakaa hapo akiutazama. Sikubishana naye. Lakini niliogopa, Papa. Niliona tunakupoteza mara ya pili, polepole, bila hata matanga.

Basi nikaamua kutengeneza saa. Usicheke. Unajua kule kazini kwangu Kitengela tuko na mashine ya leza, tunakata mabango ya maduka na zawadi za harusi. Nilitaka saa ya ule mtindo vijana wanauita steampunk, wa kuiga mashine za zamani za mvuke: gia ziko nje, rangi ya shaba, nati zote zinaonekana. Haina sura ya mtu, haina jina. Mama akiikubali, nilijiambia, utakuwa umerudi sebuleni kidogo.

Wazo la gia nililitoa kwako. Si ulinipandisha siku moja nikiwa mdogo kwenye mnara wa pampu ya upepo, ukienda kubadilisha oili? Mama alikuwa chini akipiga kelele kwamba utaniua. Ukafungua kifuniko ukasema, "Angalia, usiguse." Gia zilikuwa zimelala kwenye oili nyeusi, zinameta. Nilitazama chini nikaona ng'ombe wamejaa kwenye birika la maji, na wote wanakunywa kwa sababu ya vyuma hivyo vilivyofichwa juu. Nilisahau kuogopa.

Mchoro wa kwanza niliweka gia tatu, kila moja inagusa zingine mbili, kwa sababu ya urembo. Nikakata, nikapanga, nikasukuma. Wapi! Nikasukuma tena kwa kiburi mpaka jino likavunjika. Kumbe gia zikishikana, moja inaenda huku nyingine kule. Ile ya tatu ikizishika zote mbili, haijui ifuate ipi. Nikacheka peke yangu, nikabaki na mbili.

Lakini kukata, Papa, ungeona. Mwanga mwembamba kuliko ncha ya sindano unapita juu ya plaiwudi, jino baada ya jino, na moshi kidogo unapanda. Nauona mwanga huo kila siku ya kazi na sijawahi kuushangaa. Siku hiyo nilisimama nikautazama mpaka ukazimika. Kitu ulichokuwa ukikijua kwa vidole kilikuwa kinazaliwa kwa mwanga, mbele ya macho yangu.

Jumapili tulipotoka kanisani niliitundika. Nyuma kuna betri na kimota, gia zinazunguka taratibu. Mama akatoka jikoni na chai, akasimama. Akaiweka chini. Akasogea karibu kabisa, akafuata jino moja kwa kidole likipanda, likizunguka, likishuka. Nilingoja aniambie niitoe.

Akakuita jina. Jina lako lote, la nyumbani na la ubatizo. Kisha akaniambia, "Huyu mtu alikuwa anaogopa kupanda, unajua? Kila mara miguu ilikuwa inatetemeka, mimi namshikia ngazi. Na bado anapanda."

Papa, sikujua. Maisha yangu yote nilidhani wewe huogopi kitu. Tulikaa hapo, yeye analia, anacheka, anasimulia habari zako, mpaka chai ikapoa na hakuna aliyejali.

Pumzika sasa. Mimi bado ulimi ni mzito, lakini nakuahidi: kesho asubuhi nikimwamkia Mama, nitalitaja jina lako.

Ni mimi, kifungua mimba wako.