Yadi Uliyonipimia Ukinitazama

Mpendwa wifi,

Hilo neno "mpendwa" nimelifuta mara mbili na kuliandika tena. Nimeliacha kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, kwa hiyo usijivune huko uliko. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na hapa Sumbawanga watu wanakusifia mpaka masikio yananiuma. Eti mama mwenye mkono wazi, eti mama mwenye huruma na wateja. Mimi nakaa kimya. Na unajua mwenyewe, mimi nikikaa kimya kuna jambo.

Unakumbuka nilivyofika kwenu? Kaka yako alinitoa Kaoze, kule bondeni kwenye joto, akanileta huku juu ambako mwezi wa sita mtu analala na sweta. Nilikuja na kanga mbili tu. Wewe ndiye uliyenishika mkono asubuhi moja ukaniambia, "Wifi, twende, nguo zimefika." Mji mzima ulikuwa umesikia. Duka lilikuwa moja, la ushirika, na foleni ilizunguka mpaka nyuma ya jengo. Ukiuliza kama kuna rangi nyingine, muuzaji anakuuliza, "Umekuja kununua nguo au rangi?" Tukacheka huku tunasukumana, maana siku ile hata rangi ya tope tungeivaa.

Zamu yetu ilipofika, yule muuzaji akatoa rula yake ya mbao iliyolika ncha. Wewe hukukubali. Ukamwambia mbele ya foleni yote, "Hiyo rula imetafunwa na panya, baba. Nipe nguo nipime mwenyewe." Loo! Nilitamani ardhi inifiche. Lakini watu wakashangilia, na yule mzee akaona aibu akakuachia.

Tukiwa njiani kurudi ndipo uliponifundisha. Ulivua kanga yako ya juu palepale barabarani ukanionyesha. Ncha ya kitambaa unaishika puani, mkono mwingine unaunyoosha mpaka mwisho, hiyo ndiyo yadi. "Ila siri iko kwenye uso," ukasema. "Ukiutazama mkono ulionyoosha, pua inaufuata na yadi inafupika. Hapo umempunja mtu na hakuna atakayejua. Ukigeuza uso upande wa pili, yadi inarefuka. Wifi, mtu unayempenda mpimie umegeuza uso." Nilijaribu hapohapo, mara hivi, mara vile, tukapima tofauti. Karibu shubiri nzima! Tulikufa kwa kicheko, na mwanamume mmoja mwenye baiskeli akatuuliza kama tuko salama.

Tangu siku ile hatukununua kitambaa mmoja bila mwenzake. Mabaki yote fundi aliturudishia, nasi tukayaweka kwenye kikapu kimoja, kilichokaa kwangu. Tulisema siku moja tutayaunga tutengeneze shuka zito la vipande, la kulalia wakati wa baridi. Kila kipande tulikijua. Hiki cha ubatizo wa mwanao, hiki cha siku ulipomtukana muuzaji, hiki cha lile gauni langu lililonibana nikashindwa kukaa kanisani.

Kisha biashara zikafunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kuuza. Wewe hukungoja mtu akuambie. Ulishuka Kipili kungoja boti za ziwani, ukarudi na majora ya vitenge vya Zaire vilivyokuwa vinanukia upya. Ukafungua duka karibu na stendi. Nani alipiga deki siku ya kwanza? Nani alipanga majora kwenye rafu, mekundu huku, ya buluu huku? Mimi. Na uliponipimia kitenge changu cha kwanza ukageuza uso ukautazama ukuta kama mtu aliyeitwa, mimi nikajisikia dada yako wa tumbo moja.

Kwa hiyo nikawa mdomo wako. Kwenye jumuiya, sokoni, hata msibani, niliwaambia wanawake waende kwa wifi yangu, yadi zake zina huruma. Nao wakaja. Ndiyo maana Mama Roza, jirani yangu, alipolalamika kwamba kitenge chake alichonunua kwako hakikutosha gauni, nilimjia juu. Nikamwambia mwizi ni fundi wake, mafundi wote wana mkono mrefu. Akaniamini. Akaenda akamtukana yule fundi barazani kwake, mzee wa watu, na mimi nilikuwepo nimeshika kiuno kumsaidia kutukana. Nakuandikia haya ili ujue uliniweka wapi.

Halafu mama yangu akaugua, nikampandisha kutoka Kaoze. Mtu wa bondeni yule, hakuwahi kuijua baridi. Alijikunyata kitandani akauliza, "Nyie mnaishije huku?" Nikakitoa kile kikapu chetu. Nilishona mabaki yote siku baada ya siku mpaka uso wa shuka ukakamilika, mrefu wa kumfunika kuanzia kichwani na kubaki kidogo wa kukunjia miguuni. Ikabaki nguo ya upande wa chini. Nilihitaji yadi nne za marekani, ile pamba nzito, nizikate vipande viwili, yadi mbili mbili, niziunge ubavu kwa ubavu.

Nilikuja dukani kwako mchana, siku ya gulio, wateja wamejaa. Nilikuambia ni ya nini. Nilikuambia, wifi! Nikasema ni ya lile shuka letu, sasa litamfunika mama. Ukasema, "Masikini mama, atapona." Ukalishusha jora la marekani ukaanza kupima. Mimi nilikuwa nimeegemea mwisho wa kaunta, upande wa mkono wako ulionyooka. Ukawa unanitazama. Yadi ya kwanza unanitazama, ya pili unanitazama, unanitabasamia, unaniuliza habari za watoto. Na mimi mjinga nikafurahi. Nikajisemea, duka limejaa watu hivi, lakini macho yake yako kwangu.

Nyumbani sikupima. Nani anapima tena nguo aliyopimiwa na wifi yake? Hayo ni matusi. Nilikata katikati, nikaunga, nikatandika juu ya ule uso wa vipande. Ikapungua. Nikavuta huku, nikavuta kule, ikapungua karibu shubiri mbili upande wa miguu. Nikadhani nimekosea kukata. Ndipo nikashika ncha puani, nikanyoosha mkono, nikageuza uso ukutani kama ulivyonifundisha. Yadi ya kwanza ikatimia, ya pili ikaishia karibu na kiwiko changu. Nikaipima upya nikiutazama mkono. Ikatosha sawasawa, kama iliyopimwa na mimi mwenyewe.

Nilikaa chini sakafuni. Mama akaniuliza nini, nikamwambia sindano imenichoma.

Nilirudi kwako kesho yake asubuhi. Nilingoja wateja wapungue, unakumbuka? Sikutaka kukuaibisha. Nikakuambia taratibu, "Wifi, hizi yadi hazikutimia."

"Marekani inarudi ikifuliwa."

"Sijaifua."

"Basi umekata vibaya."

"Wifi, ulinipimia ukinitazama."

Nilidhani utacheka, utaniambia samahani, nilipitiwa, maana siku hizi umepima watu wengi mpaka shingo imezoea. Ningekubali, haki ya Mungu ningekubali. Badala yake ukachukua kitambaa ukaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi, ukasema, "Hii ni biashara huria, wifi. Kama yadi zangu ni fupi, maduka siku hizi yako mengi."

Maduka yako mengi! Mimi niliyesimama na wewe foleni ya duka moja tangu alfajiri! Nilitoka bila kuaga, na marekani yangu kwapani.

Shuka lilitakiwa, mama anatetemeka. Nilifumua mstari wa chini wa vipande ili pande mbili zilingane. Mstari huo ndio uliokuwa na mabaki ya siku ya kwanza, ya ile nguo ya rangi ya tope. Mama akajifunika. Akilivuta mabegani, miguu inatoka nje. Akilishusha miguuni, mabega yanabaki wazi. Mwishowe nilimvalisha soksi za kaka yako. Akatania, "Wifi yako huyu, mkono wake umefupika siku hizi?" Nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikalia. Alifariki kabla ya baridi kwisha. Sisemi baridi ndiyo iliyomuua. Ila nilimwona akikunja magoti kama mtoto ili miguu iingie ndani, na hilo siwezi kulisahau.

Nilikwenda kwa yule fundi wa Mama Roza kumwomba radhi. Alinipa kigoda, akanisikiliza, akaniuliza, "Sasa unakuja kuniambia mimi, wale ulionitukana mbele yao watajua lini?" Wewe ungemjibu, wewe hukukosa jibu kamwe.

Miaka imepita tukisalimiana kwenye harusi na misiba, "shikamooni" ya pamoja kwa wazee halafu kila mtu upande wake. Kaka yako alijaribu kutupatanisha, akasema, "Nguo tu hiyo, jamani." Si nguo. Ningepunjwa na mtu mwingine ningetukana na kusahau siku hiyohiyo. Linaloniuma ni lile tabasamu. Ile siri ulinipa wewe mwenyewe kwa mapenzi, barabarani, ukiwa umevua kanga yako. Kisha ukaitumia kwangu na kwa mama yangu, ukiniuliza habari za watoto.

Sasa nikuambie usilolijua. Siku ulipofariki walileta bafta ya sanda, jora zima, kutoka duka jingine. Rula haikuwepo. Shangazi yako akasema, "Mke wa kaka yake apime, alifundishwa na marehemu mwenyewe." Wote wakanitazama. Nikasimama pale ulipolazwa, wewe ukiwa upande wa mkono wangu ulionyooka. Nilitaka kukutazama, wifi. Nilikuwa na haki ya kukutazama yadi zote.

Niligeuza uso. Yadi ya kwanza ukutani, ya pili ukutani, mpaka ya mwisho. Wanawake wakadhani siwezi kuona maiti, wakaniambia pole. Usidhani nimekusamehe, bado sijafika huko, na pengine sitafika. Lakini sanda ilizidi. Shangazi akachukua mkasi akataka kuipunguza, nikamshika mkono.

Nikamwambia aiache, akukunjie miguuni.

Lala, wifi.

Mke wa kaka yako