Faiba Tuliyochangia Imenionyesha Harusi ya Mama

Shikamoo mshauri wangu. Tafadhali usinicheke, maana hadi sasa ninapokuandikia siamini kwamba niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu haya mawili, mchana kweupe, sebuleni kwangu, mbele ya wateja.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, ghorofa ya kwanza, na naishi na mama yangu mzazi tangu baba alipofariki, na mama ni mtu mtulivu, hana makuu, mtu wa kumwagilia maua yake kibarazani na kulala mapema, au ndivyo nilivyomjua mimi. Kampuni ya intaneti ilipopitisha faiba mtaani kwetu tuliona kuvuta waya kila nyumba ni gharama ya bure, tukakubaliana tuvute mmoja, ruta ikae kwangu kwa kuwa mimi sitoki, halafu malipo ya mwezi tugawane nyumba nne: mimi, kinyozi wa chini mwenye saluni, nesi wa mlango wa pili, na mzee wa juu yangu, mpimaji ardhi mstaafu ambaye jengo zima tunamwita Mzee Rula kwa sababu hakuna kitu anachokipita bila kukipima. Siku ya mafundi alisimama ngazini akawaambia waya wao umepinda, na kweli ukarudiwa. Sasa mimi naona haya kudai watu, kwa hiyo mwezi ukiisha nilikuwa namtuma mama apite kukusanya michango, wala hakuwahi kulalamika, ingawa leo nikikumbuka naona kwamba kwa kinyozi alikuwa anasimama mlangoni, kwa nesi anasimama mlangoni, ila kwa Mzee Rula chai ilikuwa inachemshwa mara mbili.

Basi sikia. Alikuja bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake kuchagua mshono, nikawawekea mitindo kwenye televisheni ili waione vizuri, na mama alikuwa amepanda juu kufuata mchango. Mara mitindo ikapotea, ikatokea picha ya mama. Mama yangu, mshauri! Ameshika maua, amesimama bega kwa bega na Mzee Rula aliyevaa suti, na nyuma yao kibao cha ofisi ya msajili wa ndoa. Nikabonyeza rimoti, haisikii. Ikaja picha nyingine, wanatia saini. Ikaja nyingine, mama anavishwa pete, na anacheka mpaka macho yamefumba, kicheko ambacho mimi nilishakisahau. Kumbe huko juu televisheni yao iko tupu, maana kupitia dari nilimsikia Mzee Rula akisema, "Mbona haionekani?" na sauti ya mama ikamjibu, "Bonyeza tena baba, labda inachelewa!" Akabonyeza. Ikaja ya keki, wanalishana. Shangazi mtu akapiga kofi la furaha, akasema, "Hongereni jamani! Huyu si mama yako aliyetufungulia mlango siku ile?" Mimi nilikaa sakafuni na futi yangu ya kupimia shingoni.

Baadaye nesi ndiye aliyenieleza kwamba tukiwa sote kwenye mtandao mmoja, simu ya huyu inaiona televisheni ya yule, na Mzee Rula alipotaka kurusha picha kwake alichagua televisheni ya kwanza aliyoiona, ambayo ni yangu. Mtu anayepima kila kitu, hilo hakulipima.

Lakini kilichonimaliza ni gauni. Gauni alilovaa mama kwenye zile picha, la rangi ya maziwa, mikono mirefu, nimelishona mimi! Alinijia akasema ni la rafiki yake, mwili wao mmoja, nimpime yeye tu. Nikamvalisha, nikawa nimepiga magoti nafunga pindo, pini ziko mdomoni, naye anajitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Hivi mwanangu, mtu wa rika langu akiolewa na gauni kama hili, atapendeza?" Nikamwambia, "Mama simama wima, unalipinda, na huyo rafiki yako naye, uzee wote huo anaolewa ili iweje?" Tukacheka, yaani nilicheka mimi, kazi ikaendelea. Nakueleza haya uone jinsi alivyonizunguka ndani ya nyumba yangu.

Mama aliposhuka siku ile ya picha nilimuuliza mbele ya wageni, mama, ni nini kile? Akatazama televisheni, akaziba mdomo, kisha akasema polepole, "Ni mume wangu." Mshauri, nilipiga kelele ambazo kinyozi alizisikia akiwa na wembe shingoni mwa mtu. Nikachomoa ruta ukutani, nikaifungia kabatini na vitambaa, na jengo zima likabaki bila mtandao. Mama alichukua mto wake na vyungu vyake vya maua, akaniambia mlangoni, "Nilianza kukuambia, ukacheka," akapanda juu, na tangu hapo hajashuka. Sijui anazungumzia nini, maana hakuna siku aliyoniambia neno. Kinyozi ananuna, wateja wake walizoea kutazama mpira. Nesi anasoma masomo yake ya juu mtandaoni na mtihani uko karibu, ananipita ngazini kama anayepita nguzo. Nami nikishona nasikia nyayo za watu wawili juu ya kichwa changu, naacha cherehani nalia.

Ni mzazi niliyebaki naye peke yake. Je, nimwambie achague, mimi au yule mzee? Na hii ruta, niirudishe, au niwaambie wote kila mtu akajivutie yake?

Ni mimi, fundi niliyepigwa na butwaa.

*

Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma nikasahau chai yangu mezani mpaka ikapoa, na sikufichi, kwenye lile la "bonyeza tena baba" nilishika kichwa. Pole. Kuiona harusi ya mama yako kwa mara ya kwanza pamoja na wateja wawili, tena huku bwana harusi anazidi kubonyeza, ni mshtuko ambao sitaki umpate mtu yeyote. Kulia una haki. Alipaswa kukuambia, na nikikutana naye nitamwambia hivyo hivyo.

Sasa nigeukie upande wako. Huyo nesi amekukosea nini? Alikuwepo kwa msajili? Kinyozi ndiye aliyeshika maua? Ule waya mliuvuta kwa michango ya nyumba nne, na kukaa sebuleni kwako hakuufanyi wako. Ungekuwa na funguo za bomba la maji ungewafungia maji pia? Msichana wa watu ana mtihani, wewe umemfungia masomo kabatini kwa sababu mama yako amevishwa pete! Nimeshtuka zaidi hapo kuliko pale kwenye picha.

Unasema hujui mama yako anazungumzia nini. Fundi, umeniandikia mwenyewe, kwa kalamu yako. Rudi kwenye kile kioo. Mwanamke mzima, mjane, amevaa gauni lake la harusi mbele ya mwanawe, anatafuta pa kuanzia, anauliza kama atapendeza. Hakukuwa na rafiki. Aliyekuwa anaulizia ni yeye. Na wewe ukamjibu "uzee wote huo, ili iweje," ukacheka. Ungekuwa wewe, ungeendelea kusema? Alifunga mdomo, akalipokea gauni, akaenda kuolewa bila mtu wake hata mmoja. Najua hukukusudia, ulidhani unamcheka mtu usiyemjua. Lakini yeye alisikia unamcheka yeye, na amebaki na kicheko hicho mpaka leo.

Halafu usiniambie habari ya kuchagua. Mama yako alichagua kuja kukaa nawe alipofiwa, akakudaia watu michango uliyoona haya kuidai, akapanda zile ngazi kwa kutumwa na wewe. Chai ikachemka mara mbili. Ulitaka akae mlangoni kama kwa kinyozi maisha yake yote? Na tena amekwenda mbali gani? Dari tu imewatenganisha. Wapo wenzako ambao wangetoa kila walicho nacho wasikie nyayo za mama zao juu ya vichwa vyao.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze leo. Toa ruta kabatini uichomeke, kabla hujamaliza hata kuikunja barua hii. Gonga kwa nesi, umwombe radhi kwa mdomo wako, na ushuke kwa kinyozi vilevile. Waite mafundi wa kampuni wawatenganishie, kila nyumba iwe na mtandao wake na neno lake la siri juu ya waya huo huo mmoja, maana leo imekuja harusi, sijui kesho itakuja nini. Michango kaidai mwenyewe, haya zako uzimeze.

Kisha panda juu. Usimtume mtu, usipige simu, usisubiri ashuke. Mzee Rula akikufungulia mwamkie kama mume wa mama yako. Mwambie mama akuvalie lile gauni tena, maana siku ile ya kumpima ulidhani ni la mwingine, na mama yako akiwa bibi harusi umemwona kwenye televisheni tu. Akisimama mbele yako, piga magoti ulitazame pindo lako. Safari hii usiweke pini mdomoni, kwa sababu kuna swali alikuuliza na bado anasubiri jibu.