Kuvu Yenye Bega la Baba

S.L.P. 1142,
Eldoret.
21 Agosti, 1968.

Mpendwa kaka Simeon,

Salamu nyingi kutoka kwetu, nyingi kama mvua inayotunyeshea. U mzima huko Tabora? Wifi yangu naye, na watoto? Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, ili wifi asome mwenyewe. Asikungoje utoke steshenini umsimulie nusu ya mambo, maana nakujua. Sisi huku ni wazima kiasi. Mahindi yamenipita kimo, na mume wangu Thuo amefungua kiduka huku Langas, anakusalimu sana.

Nimesema wazima kiasi kwa sababu ya Mama. Usishtuke, yuko hai, na sasa hivi namsikia akifokea kuku. Lakini tulikaribia kumpoteza, na jambo lenyewe sijui nikuandikie vipi usinicheke.

Chumba cha Mama unakijua kwa barua tu. Kampuni yetu ya wanahisa iliponunua shamba la yule mzungu, nyumba yake kubwa ya mawe iligawanywa kwa kura, na Mama akaangukiwa na chumba cha nyuma, upande mvua inakopiga. Tulimshangilia sana. Mama yetu kulala juu ya sakafu ya mbao!

Tabia yake unaijua. Tangu siku za Emajensi ya mkoloni, tulipofungiwa kijijini kwa kafyu, Mama hufunga dirisha jua likiwa bado juu, na hataki mwanga uonekane nje. Vile vitundu vya hewa vya juu ya ukuta aliviziba kwa magunia, akisema baridi ya Eldoret hakuialika. Ndani humo humo anapika uji na kuanika nguo. Mvua ya mwezi wa nne ilipoanza, ukuta ukatoka jasho, kisha ukaota kuvu nyeusi karibu na kitanda.

Thuo akapaka chokaa. Kuvu ikarudi. Akapaka tena, ikarudi pana zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tuliona tumefanya kazi safi.

Sasa hapa ndipo usinicheke. Kuvu ile ilipanda mpaka kimo cha mtu. Ikawa na kichwa, ikawa na mabega mawili, na la kushoto limeshuka. Unalikumbuka bega la Baba, tangu alipoanguka kutoka kwenye lori la magogo? Sikumwambia mtu yeyote. Lakini asubuhi moja nilimkuta Mama ameketi kitandani, ameweka kikombe cha uji sakafuni chini ya ukuta, anaongea taratibu. Akaniambia, "Mwihaki, salimia baba yako. Amefika kwake."

Fikiria, Simeon. Mtu aliyefia kizuizini, hatukuonyeshwa kaburi lake, hata kumlilia tukakatazwa! Tangu siku hiyo nikawa napiga hodi kabla ya kuingia, hata Mama akiwa nje. Nikitoka, nilitoka kinyumenyume, nisimpe mgongo. Nikipika jikoni nilihisi kuna mtu mzima nyuma ya ule mlango, kimya, anangoja kuitwa kula. Thuo alinitania, lakini naye chokaa hakuigusa tena. Niliogopa, na siku nyingine nilifurahi yupo.

Kisha kifua cha Mama kikaanza kulia kama bawaba isiyo na mafuta. Akawa hafiki kisimani bila kuketi njiani. Tulimpeleka hospitali ya mjini, akapata nafuu, akarudi chumbani, pumzi ikambana tena. Mara ya pili daktari akauliza habari za nyumba, na nesi mmoja, Jepchirchir, akaja kujionea. Aliishia mlangoni. "Kuvu hii ndiyo anayoivuta huyu mama," akasema. "Mkimwacha hapa mpaka mvua iishe, mtamzika."

Alitueleza la kufanya. Mama atoke kwanza, asirudi mpaka ukuta ukauke kabisa. Dirisha lifunguliwe na magunia yatolewe. Kuvu isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Tuiloweshe kwa maji moto na sabuni, tukiwa tumejifunga vitambaa puani na kuvaa glavu alizotuazima. Mwisho tupake dawa ya klorini, na hiyo alituonya sana tusiichanganye na dawa nyingine yoyote, maana hutoa hewa ya sumu. Godoro la nyasi litupwe. Mfereji wa paa uliopasuka utengenezwe, la sivyo tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu.

Mama akakataa. Alikaa mlangoni na fimbo. "Serikali ilimuua mara moja. Na nyinyi watoto wake mnataka kumuua mara ya pili kwa sabuni?"

Pengine wewe kifungua mimba angekusikia. Ilibidi nichague pumzi ya Mama au sura ya Baba, na kusema kweli sikutaka kupoteza chochote kati ya hivyo.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Chepkorir, wa upande wa mtoni. Yeye hakubishana. Alimuuliza tu, "Mama, na Mzee ameshaonyeshwa shamba?"

Mama akashusha fimbo. Unajua huku kila aliyegawiwa ardhi alizungushwa mpakani kwa miguu, mbele ya majirani, mpaka akajua chake kinaanzia wapi na kuishia wapi. Baba hakuzungushwa.

Basi Jumamosi asubuhi, sasa yapata wiki mbili, Mama alisimama nje ya dirisha, akalifungua kwa mkono wake mwenyewe, akaita, "Baba Simeon, toka. Njoo nikuonyeshe." Kisha akashika njia ya mpakani polepole, akiacha nafasi ya mtu kando yake. Mimi na Chepkorir tukajifunga vitambaa, tukaingia. Nilipofika kwenye lile bega nilisugua pembeni tu, nikilizunguka, hata Chepkorir akaninyang'anya brashi. Nikiinua macho dirishani, namwona Mama kwa mbali akinyoosha fimbo: mahindi, miti ya miwati, mto. Anasimama apumue, halafu anaendelea kueleza.

Thuo ametengeneza mfereji, ukuta sasa ni mkavu, na kifua kimetulia. Mchana dirisha liko wazi. Jioni bado tunavutana. Kimebaki chumba kama vyumba vingine, na utanishangaa kaka, nikipita hapo naona ukiwa.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mama aliporudi kutoka mpakani aliketi kwenye nyasi, akatazama kando yake kwa muda. Akaniuliza, "Baba yako alikufa mwaka gani?" Nikamwambia. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mfiwa, kile alichozuiwa wakati ule, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani msiba umetokea siku hiyo. Hakuna aliyewaambia vinginevyo. Wamekuwa wakija kila jioni kukaa naye na kuomba, na wanauliza mwana wa kwanza yuko wapi. Njoo, Simeon. Tunamzika Baba.

Msalimie wifi, na Waithira mdogo mwambie bibi yake anamuulizia. Yule mwenye jina la Baba usimwache nyuma. Mungu awafunike safarini, awafikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Mwihaki